Kumchagulia mzee mashine ya kusikia Lamu na Malindi: ya bure au ya kununua

Mtu wa Lamu au Malindi anayetaka kumpatia mzazi wake mashine ya kusikia huanza kwa kuuliza bei, kisha aina, na mwisho kabisa, ikiwa atakumbuka, huuliza ni nani atakayeitazama siku itakapoanza kupiga mluzi au kunyamaza. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio wa kinyume. Mashine ya bei kubwa iliyowekwa ovyo, au iliyokosa betri na mtu wa kuirekebisha, huishia kabatini, ilhali mashine ya kawaida iliyopimwa sawasawa na kuhudumiwa na mtu anayefikika humrudishia mzee mazungumzo ya barazani. Swali la bure au la kununua lina uzito wake, na litajibiwa hapa kwa kirefu, lakini lije la pili. La kwanza ni kujua nani atakayeyashughulikia masikio haya baada ya siku ya kukabidhiwa mashine.

Sikio kwanza, mashine baadaye

Usikivu unaopungua kwa sababu ya umri hauondoki kwa siku moja. Huanza na sauti nyembamba, kwa kuwa seli zenye vinyweleo zilizo katika sikio la ndani huchakaa kuanzia upande unaopokea sauti hizo, na seli hizo zikishakufa hazioti tena. Irabu, ambazo ni nene na zina nguvu, huendelea kusikika. Konsonanti hafifu kama s, sh, f, ch na t ndizo zinazopotea. Ndiyo maana mzee hujua kwamba ameambiwa neno, lakini hana hakika kama ni shuka, suka au fuka. Ndiyo maana pia humwelewa mwanamume mwenye sauti nzito kuliko anavyomwelewa mjukuu wake wa kike, na huongea vizuri na mtu mmoja chumbani lakini hupotea kabisa kwenye hadhara ya harusi. Nyumbani watu husema kwamba "husikia akitaka". Maneno hayo yanaumiza na si ya haki, kwa sababu mzee huyo hakuchagua sauti za kusikia na za kuacha, na wengi hujitenga na jamaa zao kwa kuchoka kudhaniwa wakaidi.

Jambo hili ni la kawaida sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya robo ya watu waliopita umri wa miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaotatiza maisha yao. Hata hivyo, si kila sikio zito ni la uzee. Nta iliyokauka na kuziba tundu la sikio huweza kumfanya mtu asisikie, na ikitolewa humaliza tatizo lote au sehemu yake. Kisukari, usaha wa muda mrefu, kelele za injini za miaka mingi, na baadhi ya dawa kama jentamisini, streptomaisini, dozi kubwa za kwinini na dawa fulani za saratani huathiri kusikia pia. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji safari ya mbali: mpeleke mzee katika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu au hospitali ya serikali ya Malindi, amulikwe masikio kwa kifaa chenye taa, na umpe daktari orodha ya dawa zote anazotumia. Kabla ya siku hiyo msimchokoe sikio kwa unyoya wa kuku, kijiti cha pamba wala ncha ya ufunguo, na msimtilie mafuta ya moto, kwani iwapo kiwambo cha sikio kimetoboka mafuta hayo hupita hadi ndani na kuleta madhara makubwa kuliko nta yenyewe.

Ziko dalili ambazo hazingoji mpango wa kununua mashine. Mtu aliyelala akisikia na kuamka sikio moja limekufa, au aliyepoteza usikivu ndani ya siku mbili tatu, anatakiwa kumwona daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu yapo matibabu yanayofaa zaidi yakianza mapema, na kila siku inayopita hupunguza nafasi ya kupona. Vivyo hivyo, sikio moja kuwa zito kuliko jingine kwa kiasi kikubwa, mvumo wa upande mmoja usiokoma, kizunguzungu, maumivu, damu au usaha ni mambo ya kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya mtu yeyote kuuza au kugawa mashine. Muuzaji anayeyapuuza hayo asipewe pesa.

Kipimo, na karatasi yake

Kipimo kinachofaa hufanywa katika chumba kimya, mzee akiwa amevaa vipokea sauti na kuonyesha kila anaposikia mlio, kuanzia milio minene hadi miembamba. Matokeo huchorwa kwenye grafu iitwayo audiogramu: sikio la kulia kwa duara jekundu, la kushoto kwa alama ya x ya buluu. Kadiri alama zinavyoshuka chini ya karatasi ndivyo sauti ilivyohitaji kuwa kubwa ili isikike, na kipimo chake ni desibeli. Kwa daraja za Shirika la Afya Duniani, wastani wa kuanzia desibeli 20 hadi chini ya 35 katika sikio lililo bora ni upungufu mdogo. 35 hadi chini ya 50 ni wa kati. 50 hadi chini ya 65 ni wa kati uliozidi. 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa. Na kuanzia 80 ni mkubwa mno. Wazee wengi wanaonufaika na mashine wamo katika daraja za kati. Aliye katika daraja ya mwisho huenda asitosheke na mashine ya kawaida, hivyo aulizie huduma za mabingwa wa Mombasa au Nairobi.

Mpimaji mzuri hapimi kwa njia ya hewa pekee, yaani kwa vile vipokea sauti. Huweka pia kifaa kidogo kwenye mfupa nyuma ya sikio, ili ajue kama kizuizi kiko njiani, yaani kwenye tundu, kiwambo au vifupa, au kama uchakavu uko sikio la ndani. Humsomea mzee maneno ayarudie, na maneno hayo yawe ya Kiswahili anachokizungumza. Mzee wa Siyu anayeshindwa kurudia maneno ya Kiingereza hajapimwa kusikia, amepimwa lugha. Kipimo kilichofanywa kwenye varanda lenye watu, watoto wakilia na feni ikivuma, hakiaminiki hata kama kimefanywa na mtu mwema.

Karatasi ya audiogramu ni mali ya mzee. Iombeni, mpige picha, na muihifadhi kwenye simu za watu wawili wa nyumbani. Nimeona familia zikirudia safari nzima, ambayo kwa mtu wa Lamu ni mashua hadi Mokowe na kisha basi la zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, kwa sababu karatasi ya kwanza ilibaki kwenye faili la mtu mwingine. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini safari hiyo huongezwa mwendo wa baharini, na kwa mzee mwenye magoti mabaya safari moja iliyookolewa ni neema kubwa.

Njia za bure na masharti yake

Jamaa zetu walioko Uingereza huwa na mashauri mengi katika jambo hili, na mengi hutoka kwenye hali yao. Huko huduma ya afya ya taifa, NHS, humwazima mkazi mashine bila malipo, humpa betri na humfanyia matengenezo, hivyo swali lao ni kama kuna haja ya kulipia ya binafsi iliyo ndogo au yenye mambo zaidi. Kwetu hakuna mlango mmoja wa namna hiyo. Ya bure hupatikana kwa njia tatu tofauti, na kila moja huja na masharti yake.

Njia ya kwanza ni ya serikali. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupokea maombi ya vifaa saidizi, vikiwemo vya kusikia, kutoka kwa watu waliosajiliwa, na usajili huanza kwa kufanyiwa tathmini na madaktari wa hospitali iliyoidhinishwa. Wazee wengi husita hapa, kwa kuwa hawataki kuitwa walemavu baada ya kuishi miaka 70 wakijitegemea. Waelezwe kwa upole kwamba usajili ni njia ya kupata haki iliyowekwa na sheria, na kwamba haubadilishi heshima yao mtaani. Pamoja na hilo, kabla ya kulipa shilingi yoyote popote, ulizeni kwenye dawati la SHA hospitalini, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, ni sehemu gani ya uchunguzi au ya kumwona bingwa inayogharimiwa, na muombe jibu kabla ya kusafiri.

Njia ya pili ni kambi za matibabu, ambazo huletwa na misikiti, makanisa, vilabu vya wafadhili na madaktari wa kujitolea, na huweza kuwa nyingi karibu na tarehe 3 Machi, ambayo ni Siku ya Kusikia Duniani. Usizidharau. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi za kipato cha chini na cha kati unaoonyesha jinsi wahudumu wasio mabingwa wanavyoweza kufunzwa kupima na kuweka mashine kwa watu wazima, na mashine nyingi za kambi, zenye mipangilio michache iliyoandaliwa mapema, huufaa vizuri upungufu wa kawaida wa uzee. Tatizo la kambi si ubora wa mashine. Tatizo ni kwamba kambi huondoka. Kwa hiyo muulize aliyeileta maswali haya akiwa bado amesimama mbele yako: Je, mtarudi, na lini? Tukiwa na shida tumpigie nani aliye Pwani? Betri zake ni za namba gani? Mpangilio uliowekewa sikio hili ni upi, na unaweza kutuandikia? Anayejibu yote manne bila kusitasita amekuja kwa dhati, na mashine yake ichukuliwe kwa shukrani.

Njia ya tatu ni mashine iliyotumika, inayotumwa na jamaa kutoka Uingereza, Oman au Marekani baada ya mwenyewe kubadilisha au kufariki. Mashine kama hiyo huweza kuwa nzuri kuliko mpya ya bei nafuu, lakini isivaliwe kabla ya mtaalamu kuifuta mipangilio ya mwenyewe na kuiwekea ya sikio jipya, kwa kuwa sauti iliyokuzwa kwa ajili ya kiziwi wa daraja kubwa huweza kuharibu sikio la mtu mwenye upungufu mdogo. Kabla haijatumwa, pigeni picha jina na namba ya muundo wake, mmtumie mtaalamu wa Mombasa, na mmuulize kama ana programu na waya wa kuirekebisha. Zipo zilizofungwa ili zirekebishwe na duka moja tu lililoziuza. Hizo zibaki huko huko.

Kuna pia vikuza sauti vinavyouzwa mitandaoni na madukani kwa shilingi elfu chache. Hivi hukuza kila kitu kwa pamoja, sufuria na maneno, mawimbi na maneno, na vingine havina kikomo salama cha sauti. Havina nafasi katika sikio la mzee anayeweza kupata kipimo. Marekani iliruhusu kuanzia Oktoba 2022 mashine zinazouzwa bila cheti cha daktari kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati, na Septemba 2024 ikaidhinisha programu ya kusaidia kusikia ndani ya vipokea sauti vya AirPods Pro 2. Kwa mzee mwenye upungufu mdogo anayejua kutumia simu hayo ni mambo ya kufikiria, lakini chaji ya saa chache haimtoshi mtu anayehitaji kusikia tangu alfajiri hadi isha.

Mkiamua kununua

Mashine za kliniki za binafsi huanzia makumi ya maelfu ya shilingi kwa sikio moja, na zilizo juu hupita laki moja kwa urahisi. Fedha zinazoongezeka hununua zaidi uwezo wa kupunguza kelele za nyuma, kuunganishwa na simu na kubadilika zenyewe kulingana na mahali. Kwa mzee anayekaa nyumbani, akipokea wageni wawili watatu na kwenda msikitini, tofauti kati ya ya kati na ya juu ni ndogo kuliko muuzaji anavyoieleza. Kwa maoni yangu, ikiwa masikio yote mawili yamepungua kwa kiasi kinachokaribiana, mashine mbili za bei ya kati ni bora kuliko moja ya bei ya juu, kwa sababu ubongo hutumia masikio mawili kujua sauti imetoka wapi, na katika vichochoro vya Mkomani au Langoni mjini Lamu, ambako punda aliyebebeshwa mchanga hutokea nyuma yako bila nafasi ya kutosha ya kupishana, kujua upande wa sauti ni suala la usalama.

Ombeni bei yote kwa maandishi: kipimo, mashine, vizibo vinavyofinyangwa kwa umbo la sikio, ziara za kurekebisha na idadi yake, muda wa dhamana, na nani anayelipa usafirishaji mashine ikipelekwa kutengenezwa. Ulizeni muda wa majaribio na kiasi kitakachorudishwa mzee asiporidhika. Kisha hesabuni betri. Betri moja ya ukubwa wa namba 312 hudumu takriban wiki moja kwa anayevaa siku nzima, kwa hiyo mwenye mashine mbili hutumia zaidi ya betri 100 kwa mwaka, na hesabu hiyo iingie katika mchango tangu siku ya kwanza. Katika makundi ya WhatsApp ya ukoo watu huchanga kwa furaha ununuzi wa mashine, na baada ya miezi mitatu mzee huona haya kuomba pesa ya betri. Mmoja wenu na apewe jukumu hilo kwa jina lake.

Kwa wanaoishi Lamu ningeweka sharti moja juu ya mengine: mashine iwe ya aina inayoweza kurekebishwa na mtaalamu kwa mbali, kupitia simu na intaneti. Mzee hukaa nyumbani kwake, mjukuu hushika simu, na mtaalamu aliye Mombasa au Nairobi hupandisha au kushusha sauti anazolalamikia. Huduma hiyo ina thamani kubwa kwetu kuliko rangi, udogo au muziki wa simu. Muuzaji aionyeshe ikifanya kazi kabla hamjalipa.

Umbo linalofaa Pwani

Wengi huomba mashine ndogo inayozama ndani ya sikio ili isionekane. Naelewa haya hiyo, lakini kwa mzee wa Pwani siishauri. Betri yake ni ndogo na haimalizi wiki, vidole vilivyokakamaa haviwezi kuishika, na jasho na nta huiziba upesi. Zinazobaki ni mbili, na zote hukaa nyuma ya sikio. Moja hupeleka sauti ndani kwa mrija hadi kwenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio. Nyingine ina waya mwembamba na spika ndogo inayokaa ndani ya tundu. Ya pili ni nyepesi na sauti yake ni ya kawaida zaidi kwa mwenye upungufu mdogo au wa kati, lakini spika yake huathiriwa na nta na unyevunyevu. Ya kwanza ni ngumu, ina nguvu, na mrija wake hubadilishwa kwa bei ndogo kila baada ya miezi michache unapokakamaa. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, na kwa umbali wetu na mafundi, mimi huegemea ya kwanza isipokuwa mtaalamu akiwa na sababu ya kusema vinginevyo.

Yapo mambo ya maisha yetu ambayo mtaalamu wa mbali hatayauliza, hivyo mwambieni ninyi. Mzee anayeswali huvua mashine anapotia udhu, kwa kuwa masikio hupanguswa kwa maji, na huivaa tena baada ya kuyakausha. Mtu anayevua na kuvaa mara tano kwa siku anahitaji mashine anayoweza kuiingiza mwenyewe bila kioo na bila msaada, na hilo ndilo jaribio la kumfanyisha kliniki: avue, avae, abadilishe betri, mbele ya mtaalamu, mpaka aweze. Mama anayevaa buibui na ushungi aende kliniki akiwa ameuvaa namna anavyouvaa nyumbani. Shangazi yangu aliwekewa mashine akiwa amefunua kichwa, ikakaa vizuri. Alipovuta mtandio kila kitu kilikwaruza, na kitambaa kilipobana kipaza sauti mashine ikaanza kulia. Mtaalamu alipoelezwa aliubadilisha mpangilio wa kuzuia mluzi, akampa kizibo kilichokaa imara zaidi, na akamshauri aweke kitambaa laini chepesi karibu na sikio. Mwenye miwani pia aende nayo, kwani mkono wa miwani na mashine hugombania mahali pamoja.

Wakati wa kujifukiza udi mashine ivuliwe na iwekwe mbali na chetezo. Manukato, mafuta ya nywele na hina vitangulie, vikauke, ndipo mashine ivaliwe. Kila usiku ifutwe kwa kitambaa kikavu, kisipakwe maji wala spiriti, mlango wa betri uachwe wazi, na ilale ndani ya chombo kinachofunga vizuri chenye vifuko vya kukaushia unyevu, ambavyo huuzwa na kliniki. Kwenye mashua ivuliwe kabla ya kupanda ikiwa bahari imechafuka, hata kama muuzaji amesema haiingii maji, kwa kuwa kinga ya maji haiondoi chumvi inayobaki maji yakikauka.

Kuhusu betri za kubadilisha au za kuchaji: za kuchaji humfaa sana mwenye vidole vigumu, mradi chaja yake ikubali kutumia betri ya akiba ya simu umeme unapokatika, na mradi mjue kwamba betri ya ndani itachoka baada ya miaka kadhaa na kuhitaji kubadilishwa. Za kubadilisha hutambulika kwa rangi ya karatasi yake: njano ni namba 10, kahawia 312, rangi ya chungwa 13, na buluu 675. Huamshwa na hewa pale karatasi inapobanduliwa, hivyo isibanduliwe kabla ya wakati wake, na ikibanduliwa iachwe dakika chache kabla ya kufungiwa ndani. Nunua zenye tarehe ya mbele, usiziweke akiba ya mwaka mzima, na uziweke mahali ambapo watoto hawafiki. Mtoto aliyemeza betri hukimbizwa hospitali mara moja, bila kungoja dalili.

Siku ya kuwekewa, na miezi inayofuata

Mtaalamu anayejua kazi yake haishii kusoma kompyuta. Huingiza mrija mwembamba kando ya mashine ndani ya tundu la sikio na kupima sauti inayofika kwenye kiwambo, kwa kuwa matundu ya masikio hayalingani na hesabu ya kompyuta ni makadirio. Muulizeni kama anafanya hivyo. Kisha akae mbali kidogo, azungumze kwa sauti ya kawaida huku akiwa ameficha midomo, na mzee arudie. Mtu wa nyumbani mwenye sauti inayomsumbua zaidi mzee, ambaye mara nyingi ni binti au mjukuu, awepo siku hiyo na azungumze naye.

Wiki za mwanzo si rahisi. Mzee atalalamika kwamba sauti yake mwenyewe inavuma, kwamba kandambili zinapiga kelele, kwamba maji ya mfereji yanaunguruma. Ubongo uliokaa miaka na kimya unapokea tena sauti ulizozisahau, na unahitaji muda wa kuzipanga. Aanze kwa saa chache ndani ya nyumba tulivu, na mtu mmoja. Kisha aongeze saa kila siku. Kisha aende barazani. Harusi na maulidi vije mwisho. Maumivu ya ngozi, kidonda au mluzi usiokwisha si mambo ya kuzoea, ni ya kurudishwa kwa mtaalamu. Na ninyi mnaozungumza naye mkae mbele yake penye mwanga, mtaje jina lake kwanza, mseme polepole bila kupiga kelele, kwa kuwa kelele huongeza irabu na kuzima zile konsonanti anazozikosa.

Kuna anayeuliza kama mashine huzuia usahaulifu wa uzeeni. Utafiti uitwao ACHIEVE, uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet, uliwafuata kwa miaka 3 watu 977 wa Marekani wenye umri wa miaka 70 hadi 84, ukilinganisha waliopewa mashine za kusikia na waliopewa mafunzo ya afya tu. Kwa kundi zima tofauti haikuonekana. Kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kudorora kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Hiyo ni habari njema ya kuchukuliwa kwa kiasi. Kuweza kumjibu mjukuu bila kukisia ni sababu inayotosha.

Tangu siku ya kwanza andikeni kwenye daftari, kwa tarehe, sauti anazozikosa na zinazomuudhi, mahali alipokuwa, na saa alizovaa. "Hasikii vizuri" halimsaidii mtaalamu. "Anamsikia imamu ila hamsikii binti yake akiwa jikoni" linampa pa kuanzia. Piga simu ya marekebisho ya kwanza baada ya wiki mbili au tatu ukiwa na daftari hilo mkononi. Baada ya hapo mzee amulikwe masikio katika hospitali ya karibu kila baada ya miezi michache ili nta isizibe, mrija au kofia ya mpira inayofunika spika ibadilishwe inapochakaa, na kipimo kamili kirudiwe mara moja kwa mwaka, mkienda na audiogramu ya kwanza ili zilinganishwe.